Arseniki imegoma kutoka kwenye shaba: pa kuangalia na cha kufanya

Saa nne za usiku, mwezi uliopita, simu ililia hapa Wete, Pemba. Alikuwa mtoto wa kaka yangu, kijana aliyeajiriwa katika kiwanda cha kuyeyusha shaba kusini huko, akipiga akiwa bado kwenye zamu. Nyuma yake nilisikia mngurumo wa tanuru. "Ami, shikamoo. Anodi zetu zina arseniki maradufu ya mwaka jana. Magadi tunatia, tumeongeza mifuko, haishuki. Nifanye nini?"

Nikamuuliza: hiyo arseniki nyengine, isiyokuwemo kwenye anodi, yaani vile vibao vya shaba vinavyotoka tanuruni kwenda kusafishwa kwa umeme, inakwenda wapi? Akanyamaza. Hakuwa anajua, na bosi wake hakuwa anajua.

Visiwa vyetu ni mawe ya matumbawe. Hakuna anayechimba shaba Unguja wala Pemba. Inatufikia ikiwa waya, kitasa, au misumari ya milango ya Mji Mkongwe. Lakini watoto wetu wamo viwandani, Zambia na Kongo na kwengineko, na mimi mwenyewe nimemaliza ujana wangu mbele ya tanuru kabla ya kurudi nyumbani. Nayaandika haya kwa ajili yao, kwa mpangilio ule ule ninaoutumia mtu akinipigia simu: umeona nini, kisha tukatafute chanzo.

Kwanza, kwa nini tunahangaika. Arseniki asilimia 0.1 tu ndani ya shaba huondoa karibu robo ya uwezo wake wa kupitisha umeme. Ndiyo maana kathodi, yaani bamba la shaba iliyokwisha kusafishwa kwa umeme, ya daraja la A kwenye soko la metali la London haitakiwi kuzidi sehemu 5 za arseniki kwa milioni. Na arseniki ni sumu, kwa mfanyakazi na kwa aliyeko chini ya mto. Haiungui ikaisha. Ukiitoa kwenye shaba, imehamia kwenye vumbi, au slagi, au maji, au kifua cha mtu.

Daftari la kilo

Usiongeze dawa wala kugeuza joto kabla hujapiga hesabu ya kilo kwa siku. Asilimia zinadanganya, kwa sababu asilimia ndogo ya kitu kingi ni kingi. Andika upande mmoja inayoingia: konsentreti, yaani unga wa madini uliokwisha kutengwa na mawe, vumbi mnalolirudisha tanuruni, na chakavu. Upande wa pili inayotoka: slagi, ile taka inayoelea juu ya metali, vumbi la mabomba, anodi, na maji ya kuoshea gesi. Pande mbili zisipokaribiana, kuna mlango hamuujui, au sampuli yenu ni mbovu.

Sampuli ndiyo ya kushuku mwanzo. Nimeona watu wakichota juu ya mfuko, palipo karibu na mkono, kisha wakabishana wiki nzima juu ya majibu ya maabara. Mwaga chini, changanya, fanya chungu, kigawe robo nne, tupa robo mbili zinazotazamana, changanya zilizobaki, gawa tena. Mtu aliyewahi kupindua karafuu juani anajua kwamba za juu ya jamvi si sawa na za chini.

Umeona: mnunuzi anakata bei ya konsentreti

Anayepeleka karafuu ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu hapa Zanzibar, hana haja ya kuelezwa sana. Makonyo yakizidi, daraja linashuka na bei inashuka nayo. Kwenye shaba, viwanda vingi huanza kukata bei arseniki ikikaribia asilimia 0.2, na Uchina hairuhusu kuingizwa konsentreti yenye zaidi ya asilimia 0.5.

Suali la kupeleka maabara ni hili: arseniki imo ndani ya madini gani? Jibu likiwa ni arsenopiriti, una bahati, maana hiyo ni chuma, arseniki na salfa, haina shaba ndani yake. Kwenye matangi ya povu, yanayotenga madini na mawe, ongeza chokaa mpaka pH, kile kipimo cha asidi, ipite 11, nyingi itazama na mawe. Jibu likiwa ni enajiti au tenantiti, hali ni nyengine kabisa, kwa sababu hayo yenyewe ni madini ya shaba. Enajiti ina shaba asilimia 48 na arseniki asilimia 19, katika chembe moja. Piga hesabu: konsentreti yenye arseniki asilimia 1, yote ikitoka kwenye enajiti, ina enajiti kama asilimia 5.3, nayo imebeba shaba ya asilimia 2.5. Kama konsentreti yako ina shaba asilimia 28, kuitupa enajiti ni kutupa karibu sehemu moja katika kila kumi na moja ya shaba yako. Hapo wa kuamua ni mhasibu na fundi wakiwa meza moja. Ama mnaichanganya na konsentreti safi, ama mnaichoma kwanza, ama mnaipeleka kwa kiwanda kilichojengwa kwa kazi hiyo. Tsumeb, Namibia, ilijulikana kwa hilo: ilipokea konsentreti yenye arseniki nyingi kutoka Chelopech, Bulgaria, mbali kote huko, kwa sababu wachache waliikubali.

Madini ya Copperbelt ya Zambia kwa kawaida hayana arseniki ya kutisha. Kwa hiyo kiwanda cha huko kikianza kuumwa ghafla, uliza wiki hiyo imenunuliwa konsentreti ya wapi.

Umeona: imechomwa kabla ya kuyeyushwa, lakini arseniki imebaki

Angalia rangi. Chota unga uliotoka kwenye kichomeo, uache upoe, uutandaze kwenye karatasi nyeupe. Ukiwa mwekundu kama kutu, mmetia hewa nyingi mno. Unatakiwa uwe mweusi au wa kijivu.

Sababu yake ni hii. Kwenye nyuzi joto 700 hivi, hewa ikiwa chache, arseniki hutoka na salfa ikiwa mvuke. Hewa ikizidi, arseniki huoksidishwa kupita kiasi, ikashikana na chuma na kuwa aseneti, kitu kigumu kisichoruka tena hata ukikichoma mpaka asubuhi. Wengi wakiona arseniki imebaki huongeza hewa, wakidhani moto haujatosha, na kila wakiongeza wanaifunga zaidi. Punguza hewa. Mvuke ukishatoka na kuachana na unga, hapo ndipo unapoongezewa hewa, kwenye chumba cha mbele, uungue wote.

Kisha fuata gesi. Ikipoa, ile arseniki hugeuka unga mweupe, laini kama unga wa muhogo, usio na harufu wala ladha. Kichujio cha vumbi kikiwa cha moto, nyuzi 300 na zaidi, hupita bado ni mvuke, ikakutwa kwenye maji ya kuoshea gesi. Basi vumbi likionekana safi wakati maji ya kuoshea yamechafuka, joto la kichujio ndilo lililohamisha.

Umeona: magadi yanatiwa, anodi haisafiki

Hapa ndipo alipokuwa mtoto wa kaka yangu, na hapa ndipo nilipopoteza usingizi mwingi zamani, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Magadi hufanya kazi namna hii. Arseniki iliyomo kwenye shaba ya majimaji lazima kwanza ioksidishwe. Ikishaoksidishwa inakuwa na tabia ya asidi, inatafuta mwenzake wa upande wa pili, na magadi pamoja na chokaa ndiyo huyo mwenzake. Zikishikana zinapanda juu, slagi nyembamba, nyepesi, inayotiririka kama mafuta ya nazi. Mnaiengua, arseniki imetoka. Yanayoharibu mpango huo nimeyakuta manne.

La kwanza, na ndilo la kawaida, ni slagi ya konveta, tanuru linalotangulia ambamo shaba hupulizwa hewa, kuingia pamoja na shaba. Slagi ile ina silika, yaani mchanga, na silika nayo ni asidi. Magadi yanaikimbilia silika kabla ya arseniki. Unamwaga mifuko kumi, minane inaliwa na mchanga. Dalili yake ipo mbele ya macho. Tia fimbo ya chuma, inua, tazama kinachoning'inia: kikiwa kizito, kinavutika kama uji wa dengu, kikipoa kinang'aa kama kioo cheusi, hapo kuna silika. Engua yote mpaka uso wa shaba uonekane, ndipo utie magadi. Kuengua mara mbili kabla ya kutia dawa kuna faida kuliko kuongeza dawa mara mbili.

La pili ni shaba kutokuwa na oksijeni ya kutosha. Kama konveta imekatisha mapema, arseniki bado ni metali, magadi hayana cha kushika. Puliza hewa kwanza. Chukua kijiko cha shaba, kiache kigande, kivunje utazame ndani kama oksijeni imetosha.

La tatu linauma kwa sababu kazi yote ilikuwa imeshafanyika. Zamu inataka kumaliza, wanaanza kupunguza oksijeni, kwa gesi au dizeli au kwa magogo mabichi kama walivyofanya wazee, na slagi ya magadi bado iko juu. Kile kinachoiondolea shaba oksijeni kinaiondolea na arseniki. Inarudi kuwa metali, inazama ndani ya shaba ilimotoka. Usiku mmoja, saa tisa, tulikuwa tumefikia pazuri sana. Msimamizi wa zamu akasema tuanze, slagi iliyobaki ni kidogo, haina neno. Ilikuwa kama unene wa kidole. Asubuhi maabara ikatuletea karatasi: karibu nusu ya tuliyoitoa ilikuwa imerudi. Tangu siku ile sikuruhusu gesi kufunguliwa kabla sijaona uso wa shaba kwa macho yangu, na mpaka leo naikumbuka sauti ya mwenzetu mmoja akiuliza, "Yaani tulikuwa tukifanya nini usiku kucha?"

La nne ni namna ya kutia. Magadi yaliyorushwa juu kwa koleo yanagusa shaba ya juu tu, na sehemu yake inapeperuka. Yapulize ndani kwa bomba, pamoja na hewa, kidogo kidogo. Na msikae nayo muda mrefu kuliko inavyohitajika, kwani magadi hula matofali ya tanuru. Mkiona mstari umechimbika ukutani usawa wa slagi, mmeshapitiliza.

Slagi hiyo ya magadi huyeyuka kwenye maji. Haifai kulazwa nje hata siku moja, maana mvua ikinyesha arseniki yote inaondoka na maji. Iwekwe chini ya paa, juu ya sakafu ya zege.

Mtoto wa kaka yangu alipopeleka slagi maabara, silika ilikuwamo nyingi. Wakaanza kuengua, arseniki ikashuka, lakini haikufika ilipokuwa mwaka jana. Nikamwambia arudi kwenye daftari. Akagundua kwamba tangu mwanzo wa mwaka vumbi lote la mabomba linarudishwa tanuruni, kwa sababu lina shaba na meneja hataki kuipoteza.

Chukua mfano wa namba nyepesi. Kila siku inaingia arseniki mpya kilo 40, na nusu ya chochote kinachoingia hutoka kwenye vumbi. Mkiliweka vumbi pembeni, kilo 20 zinakwenda kwenye slagi na anodi. Mkilirudisha lote, arseniki inajilimbikiza mpaka inayoingia tanuruni ifike kilo 80 kwa siku, na slagi na anodi zinagawana kilo 40. Maradufu, bila konsentreti kubadilika hata chembe. Dawa yake ni kulitoa vumbi kwenye mzunguko, lote au sehemu, likaloweshwe kwa asidi peke yake ili shaba irudishwe na arseniki ifungwe na chuma, kama nitakavyoeleza kwenye maji.

Umeona: kathodi zina vinundu, na elektroliti ina utando

Hapa wengi wanateleza, na mimi niliteleza. Anodi zikining'inizwa kwenye asidi na umeme ukapita, shaba inahamia kwenye kathodi, uchafu unabaki kuwa tope chini au unayeyuka kwenye elektroliti, yaani ile asidi yenyewe. Ukiona utando mwepesi unaelea, na kathodi zimeota vinundu kama ngozi ya fenesi, usikimbilie kusema arseniki imezidi. Mara nyingi imepungua.

Utando ule hutokana na antimoni na bismathi, uchafu mwengine uliomo kwenye anodi. Arseniki ikiwepo ya kutosha kwenye anodi huzishika na kuzizamisha. Kanuni ya mafundi ni kwamba idadi ya atomu za arseniki iwe zaidi ya mara mbili ya antimoni na bismathi zikijumlishwa. Kwa hiyo anayesafisha anodi mpaka arseniki iishe kabisa huku antimoni imebaki, amejitengenezea ugonjwa mpya. Pima zote tatu. Kama uwiano uko sawa, rudi kwenye mambo ya kawaida: joto la elektroliti lisishuke chini ya nyuzi 60, na mzunguko wake usizibe.

Ukisikia harufu ya thomu

Kwa hili, acha kazi.

Elektroliti ikijaa arseniki, sehemu yake hupelekwa kwenye matangi ya kuondolea shaba iliyobaki kwa umeme. Shaba ikiwapo, umeme unaishughulikia shaba. Shaba ikikaribia kuisha, umeme unaanza kutengeneza arsini, gesi isiyo na rangi, yenye harufu ya thomu kwa mbali. Mipaka ya usalama ya nchi nyingi ni sehemu 0.05 kwa milioni, na pua huanza kuisikia karibu na 0.5. Yaani ukiisikia harufu, umeshapita mpaka mara kumi. Tokeni nje, nyote, kuelekea upepo unakotoka. Umeme wa matangi ukatwe kwa swichi iliyo nje ya chumba.

Chanzo cha pili ni kidogo na kimeua watu wasio na habari: zinki au alumini kugusana na asidi yenye arseniki. Ndoo ya bati lililopakwa zinki. Ngazi ya alumini iliyoshushwa ndani ya tangi. Mtu anasafisha tope la chini, hakuna umeme, hakuna mashine inayofanya kazi, na ndoo aliyoishika mkononi ndiyo inayotoa gesi. Tumieni ndoo za plastiki, na tangi lifunguliwe na kupulizwa hewa kabla mtu hajashuka.

Arsini hupasua chembe nyekundu za damu. Mtu anaweza kwenda nyumbani akijiona mzima, na baada ya saa chache mkojo ukawa mwekundu uliokoza, kisha tumbo na mgongo kuuma, macho kuwa ya manjano. Asingoje asubuhi. Apelekwe hospitali, na anayempeleka atamke neno arsini, kwa sababu daktari asipoambiwa anaweza kudhani ni malaria kali. Figo ndizo zinazohatarika, na kila saa ina thamani.

Umeona: maji yametibiwa, bado yana arseniki

Sababu kubwa ni kwamba arseniki imo katika hali ya tatu badala ya ya tano, yaani haijaoksidishwa vya kutosha. Ya tatu hushikwa na chuma kwa shida. Itieni oksijeni kwanza, kwa dawa kama peroksidi ya hidrojeni, ndipo mtie chumvi ya chuma. Chuma kiwe atomu 3 au 4 kwa kila atomu moja ya arseniki, ambayo kwa mizani ni kilo 2.2 hadi 3 za chuma kwa kilo ya arseniki, na pH iwe baina ya 5 na 7. Palipo na joto na muda wa kutosha, inaweza kutengenezwa skoroditi, fuwele ya chuma na arseniki iliyoshikamana vizuri na isiyochukua nafasi kubwa.

Chokaa peke yake isiwadanganye. Siku ya kwanza maji yanaonekana mazuri, lakini lile tope likikaa wazi, hewa ya kaboni inaichukua chokaa na kuiachia arseniki, ikarudi ardhini. Maji ya kunywa hayatakiwi kuzidi miligramu 0.01 kwa lita kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani.

Na kwa wayeyushaji wetu hapa visiwani

Hamuyeyushi madini, mnayeyusha waya na mabomba, na sehemu kubwa ya niliyoyasema haiwahusu. Moshi mweupe mnaouona mkiyeyusha shaba ya njano kwa kawaida ni wa zinki. Ni mbaya kwa kifua, lakini si arseniki.

Kuni ndizo ninazotaka mziangalie. Kuna nguzo za umeme na mbao za ujenzi zilizotiwa dawa ya shaba, kromiamu na arseniki ili zisiliwe na mchwa, na nyengine bado zina rangi ya kijani kibichi ndani ukizichonga. Nguzo kuukuu ikianguka, watu wanaikata vipande na kuitia chini ya chungu cha kuyeyushia, au chini ya sufuria ya wali wa harusi. Arseniki sehemu inapanda na moshi, iliyobaki imo kwenye jivu. Jivu hilo msilimwage kwenye migomba, wala karibu na kisima. Maji yetu yako chini ya mwamba uliojaa matundu, na kinachomwagwa juu kinafika chini upesi. Chukua kisu, chonga unene wa ukucha mwisho wa gogo. Ukiona kijani, liweke kando, lisitiwe motoni.